Profesa na skrini iliyopinda

Kama umesimama, kaa. Nimetoka dukani sasa hivi na yule ninayelala naye chumba kimoja, Profesa wa magemu. Sina hamu.

Tulikwenda kuchagua skrini kwa hela tuliyoiweka kwa kujibana muhula mzima. Muuzaji akatuonyesha ya bapa, saizi ya mfuko wetu. Profesa akaibeza. "Hiyo ni ya wahasibu."

Akaiendea ile kubwa iliyopinda, mbio za magari zimepamba moto. Akakamata kidude cha kuchezea, akaanza kukata kona.

Dakika kumi, ndugu yangu. Kila kona na yeye analala nayo, jasho linamtoka. "Unaona? Hapa nimezama. Niko ndani ya gari."

Muuzaji akasogea taratibu. "Kaka, hiyo ni video ya tangazo. Hicho kidude hakijaunganishwa popote."

Hakijaunganishwa popote. Dakika kumi.

Mtu na ndevu zake anaendeshwa na tangazo, halafu anajiita dereva. Debe tupu.

Tumebeba ile ya wahasibu. Njia nzima sijamcheka. Nitamchekaje, na raundi ya kwanza nilicheza mimi kwa kidude hicho hicho, nikashika namba moja?