Ramani ya Ketsia

Mudzipela, Bunia
14 Februari 2009

Mpendwa yaya Honoré, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hamjambo wewe na wote wa nyumbani? Goti lako linaendeleaje, au bado unalidanganya kwa mafuta ya kukanda ili usiende kwa daktari? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, na kwangu hiyo ndiyo dalili kwamba ana afya. Vumbi la kiangazi limetufuata hadi ndani ya masufuria.

Umeniuliza mara mbili habari za watoto wangu wa dirishani, na mara mbili nimekujibu habari za ng'ombe wa ndugu yetu Rémy. Najua hukudanganyika. Kwa simu nisingeweza. Sasa nimeketi niandike yote, na barua hii nitampa Mama Hortense wa parokia, anayekuja huko Lubumbashi kumwona mwanawe.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikulalamikia kwamba kati ya wanafunzi wangu sabini na mmoja wa darasa la sita wamo watano wanaomaliza hesabu kabla sijamaliza kuiandika ubaoni, nami, kama desturi ya shule zetu, nawaambia wakunje mikono kifuani wangoje wenzao. Ukanijibu kwa ukali, wewe uliyefundisha miaka thelathini, kwamba nawafundisha watoto wenye akili kazi moja tu, nayo ni kungoja. Ukanitumia ile mita ya manjano ya fundi wa nguo, ukaandika: wape kitu cha kupima.

Basi nikawaweka watano hao kwenye benchi la dirishani nikawapa mita. Walipima madawati, wakapima uwanja, wakapima kivuli cha mlingoti wa bendera na kutafuta urefu wake bila mtu kuupanda. Siku hiyo directeur, mkuu wetu wa shule, alitoka ofisini kuuliza kelele ni za nini, akabaki nao mpaka jibu likapatikana. Yaya, nilifurahi kuliko siku niliyopewa diploma.

Ketsia alikuwa wa kwanza kati yao. Ni binti wa Kamate, yule anayeuza vipuri vya pikipiki sokoni, mtu wa Butembo, aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Mtoto ana miaka kumi na mmoja, mwembamba, anauliza kwa sauti ya chini, na hakubandui macho mpaka umjibu.

Mwezi wa Novemba niliwapa kazi ya ramani: njia ya kutoka shuleni hadi sokoni, ichorwe upande wa ndani wa mfuko wa simenti, kwa kipimo. Wewe ulikuwa umeniandikia wachore nyumba, miti na mifereji tu. Majina ya wenye nyumba niliyaongeza mimi. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nakujua, utataka kujitwika na hili, na si lako.

Ketsia alikwenda mbali zaidi, kama kawaida yake. Aliingia kila kiwanja na sare yake ya shule, akasalimia, akauliza: "Mama, muko bangapi? Mulitoka wapi?" Watu wakamjibu, maana ni mtoto mwenye adabu na ametumwa na mwalimu. Baada ya majuma mawili akaniletea nyumba arobaini na tatu, kila moja mahali pake, na jina la mwenyewe, na idadi ya watu, na rangi ya njia waliyojia. Kijani kwa waliotoka upande wa Bogoro, nyekundu kwa Butembo, buluu kwa ziwani. Nilimuuliza rangi ni za nini. "Nilitaka kuona mutaa yetu ilitoka wapi," akasema.

Nilichukua mita nikaenda kuhakikisha nyumba tatu. Hakukosea hata hatua moja. Yaya, niliona kipimo, niliona usafi wa mistari, sikuona kitu kingine. Mimi ambaye wakati wa vita nilifichwa siku kumi na moja katika nyumba ya watu kwa sababu ya upande niliotoka, maana hapa kwetu upande uliotoka hutaja kabila lako. Nikaitundika karibu na mlango ili wazazi waione siku ya kuchukua bulletin, zile ripoti za alama za watoto.

Siku hiyo wazazi walipanga foleni hadi nje. Mama Joséphine, mjane anayeuza maharagwe karibu na shule, alisimama mbele ya ramani akawa anatafuta kwa kidole. Akaipata nyumba yake: jina lake, watu wanne, kijani. Mtoto alipopita kwake alimjibu mwenyewe, hata akampa ndizi. Ila kumjibu mtoto mlangoni ni jambo moja, na kujiona kwenye karatasi pamoja na jirani zako wote, kila mmoja na rangi yake, ni jambo jingine kabisa. Hakupiga kelele. Aliniuliza polepole, "Mwalimu, nani anakutuma kuandika siye? Ile wakati pia balianza na karatasi."

Foleni nzima ilimsikia, na kila mtu alikumbuka orodha za majina za wakati wa vita. Kufikia Jumatatu nyumba mbili za njia ile zilikuwa zimefungwa, na meza ya maharagwe ya Mama Joséphine imepinduliwa miguu juu, mwenyewe amekwenda kwa ndugu zake. Hakuna aliyewafukuza. Karatasi yangu tu ndiyo iliyowafukuza.

Chef wa quartier, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja na upole. Aliomba ramani ichomwe mbele ya watu, kila mtu aone kwamba haikubaki wala haikunakiliwa. Nami, kwa kichwa changu kigumu unachokijua, nikabisha kwanza. Nikasema tukate majina, tubakize njia na miti. "Mwalimu, weye pia ulikuwa hapa ile wakati," chef akasema.

Niliichoma mwenyewe uwanjani, sikutaka kumwachia mtu mwingine. Nikiwa na kiberiti mkononi, Ketsia akaja mbele ya wote, ameshika penseli na kifutio. "Mwalimu, ni nyumba gani nilikosea? Nitengeneze kwanza, halafu uchome." Nikamwambia hakukosea hata moja, zote ni sawa. Akatikisa kichwa kukubali, lakini niliona hakuelewa, maana tangu aanze shule kazi iliyo sawa hajawahi kuona inachomwa. Nililia mbele ya wanafunzi wangu na sikujali.

Kamate alikuja Jumatano. Hakunilaumu, na ningependelea anilaumu. "Batu banasema mutoto ya Kamate iko naandika manyumba," alisema. "Siku mambo itaharibika, batasema ni yeye." Akampeleka Mahagi-Port, kule ziwani, kwa dada yake, anayeuza samaki. Shule ziko huko, lakini shangazi anahitaji mikono, na nimesikia kwamba tangu Januari mtoto anageuza samaki juani. Mtihani wa mwisho wa darasa la sita ni kabla ya likizo kubwa. Katika miaka yangu kumi na minne sijafundisha kichwa kama kile, na huenda asiufanye. Hilo ndilo linaloniumiza, yaya, kuliko aibu yangu.

Shangazi nimemwandikia mara mbili, kimya. Nakuomba umwandikie Kamate. Hukuwapo hapa wakati ule, na pengine kwa sababu hiyo atakusikiliza. Mwambie mtoto arudi Mei, afanye mtihani, alale kwangu kama hataki aonekane mtaani. Na mtumie Ketsia hesabu moja ngumu, ngumu kweli. Isiwe na jina la mtu wala nyumba ya mtu.

Mama Joséphine amerudi. Ananisalimu akitazama pembeni, nami nanunua kwake maharagwe mengi kuliko tunayoweza kula. Benchi la dirishani bado lipo. Juzi Bénédicte, mmoja wa wale wanne waliobaki, alimaliza kazi kabla ya wote. Nilianza kwenda kwake, nikaona ameshakunja mikono kifuani bila kuambiwa. Nikapita.

Nisalimie wifi Madeleine na watoto, na umwambie Christian shangazi yake wa Bunia bado anangoja barua yake. Mama anakuombea kila asubuhi kwa sauti kubwa, nasi tunaoishi naye tunajua matatizo yako yote. Mungu akulinde, akulindie na goti.

Ketsia naye anakusalimu. Hajakuona, ila anakuita mwalimu wa Lubumbashi. Asubuhi aliyoondoka alipita kwangu kunirudishia mita yako, ameikunja vizuri na kuifunga kwa uzi. Alisema nikwambie kwamba mwanzoni imelika milimita mbili, kwa hiyo kila unapopima, utoe mbili. Mimi niliitumia miezi yote hiyo na sikuwa nimeona.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,

Élise