Vigingi Vinne vya Baba

Baba,

Ko, ko, ko, kisha kimya ukivuta pumzi, kisha ko. Hiyo ndiyo sauti iliyonibakia. Ulikuwa ukipigilia vigingi vinne kwenye kona ya chini ya kiwanja chetu cha Kabiria, wiki moja kabla ya kulazwa hospitali. "Shimo la choo likae hapa," ulisema. "Na meza yangu ikae langoni, wapita njia waone randa ikifanya kazi."

Karakana inajengwa, Baba. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Nimefuata kila ulichosema, na shimo tulilianza ndani ya vigingi vyako.

Siku ya nne Shikuku, mchimbaji, aliita kutoka chini: "Injinia! Hapa ni choo ama ni kisima?" Wenzake wakacheka. Nikashuka ngazi. Mimi niliyesoma udongo chuoni miaka minne, sikuwa nimewahi kusimama ndani yake. Udongo mwekundu uliishia juu ya kichwa changu, ikaja murramu ya changarawe, halafu jiwe la kijivu. Kwenye ufa wa jiwe, maji. Membamba kama uzi, safi, hayana haraka. Nikayakinga kwa kiganja. Yalikuwa na baridi ya kitu ambacho hakijawahi kuonana na jua. Miaka yote umeranda mbao juu ya maji haya, mimi nikicheza juu yake, nayo yanapita tu, hayatujui. Nikabaki nimekinga kiganja. Shikuku alidhani naogopa.

Ufa ule unaelekea kwa jirani, Mama Rehema, aliyechimba kisima nyuma ya ua wetu baada ya wewe kuondoka. Uchafu wetu ungeshuka kwake kimyakimya. Nilienda kumwambia. Aliendelea kukanda unga wa mahamri. "Mwanangu," alisema, "maji hayo ndiyo ninayopikia watoto wa watu."

Siku mbili nilibishana nawe. Labda ungekasirika. Labda ungeshuka ngazi na kuyakinga maji kama mimi. Sijui, Baba, na sina wa kumuuliza. Dawa ilikuwa tangi la zege, limezibwa pande zote, lisilovuja tone. Lakini tangi la namna hiyo lazima gari la kunyonya uchafu lilifikie, na gari haliwezi kufika popote ila langoni. Mahali pa meza yako.

Nenda salama, fundi wangu. Meza yako itakaa dirishani, na randa haitashika kutu nikiwa hai, hilo nakuahidi. Shimo la chini tumelifukia. Jana tulimwaga zege langoni. Vigingi nimeving'oa mwenyewe, kimoja kimoja. Ulivipigilia vizuri, Baba. Cha mwisho kilikataa kutoka mpaka nikapiga magoti.