Makofi ya Afande Kisiwani

Jolly, sikia ya leo. Bibi Mbambu alikuwa anachambua maharage kama kila asubuhi. Nikamwambia kesho napeleka wanafunzi kisiwani, Ziwa George, kuona ndege. Mikono yake ikasimama.

Unajua kanisani hapigi makofi. Leo ameniambia kwa nini.

Mwaka 1973, akiwa mwalimu mpya, alikwenda kwenye kisiwa hicho hicho. Opio, mlinzi wa mbuga, alimwambia kila mtu abaki mtumbwini na anyamaze, maana viota vilikuwa na makinda.

Afande mmoja alikuja na mkewe. Akapiga makofi ili mkewe aone ndege wakiruka. Makofi tu, Jolly. Makofi.

Ndege wote wakaruka. Mwewe wakashuka kwenye viota. Makinda wakalia, na afande akacheka: "Mwalimu, mbona iko kimya?" Akapiga tena.

Opio alitazama maji. Bibi naye hakujibu. Mwaka ule wa utawala wa jeshi, nani angemjibu afande?

Nikamuuliza siku ile alitaka kumwambia afande nini. Hakunitazama mimi, alitazama ungo, akasema kwa sauti ya darasani:

"Afande, wacha. Hawa ndege beko na batoto."