Kigimbi cha Mama na Kigimbi cha Kuramoto

Sumire uko wapi?? Mama kaniacha mdomo wazi.

Unamkumbuka Kuramoto, nahodha wa timu ya michezo ya wazee? Yule aliyemzungushia Mama vidole kigimbini kumpima misuli mbele ya watu, vikapwaya? "Misuli imekwisha, bibi. Huu mguu wa kuku. Kaa pembeni utazame." Akamtoa kwenye timu!

Miezi minne Mama kafanya mazoezi nyumbani. Kila wali ukiwa jikoni, anakaa kwenye kigoda cha bafuni, anainuka kwa mguu mmoja. Anahema, anamtaja Kuramoto, anainuka tena.

Leo wazee wamepimwa nguvu ukumbini. Mama, miaka sabini na minane, mikono kifuani, kainuka kigodani kwa mguu mmoja. MMOJA! Akamsogezea Kuramoto kigoda: "Zamu yako, nahodha."

Kakaa. Kuinuka, hola. Akajaribu tena, hola! Jasho linamtoka, ananyoosha mkono avutwe.

Mama hakuushika. Alichuchumaa, akamzungushia vidole kigimbini. Vikapwaya, Sumire, vikapwaya! Akainuka bila kushika kitu.

"Mguu wa kuku. Kaa papo hapo utazame."

Najua ilinipasa kuona haya. Nimepiga makofi mpaka viganja vinawaka.