Watoto wa Socaire Hawabebi Chupa

Toconao, 3 Mei

Baba Mayra mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo, ila Mayra anaota meno mawili kwa pamoja na mimi sijalala sawasawa tangu Jumapili. Ukiona mstari umepinda, ujue nimesinzia. Wewe je? Kifua? Kichwa?

Kichwa nakiulizia, nina sababu. Mzee Ruperto wa lori la maji kaniambia theluji imewafungia huko juu mlimani kwenye antena za kutazama nyota, linapita lori lake tu, hamshuki tena kulala kambini, na wewe unafanya kazi bila chupa ya hewa. Nikasema, "Labda imeisha." Akasema, "Haikuisha, mama. Kampa mhandisi."

Siandiki kugombana. Nataka uivae, basi. Simu hamruhusiwi kwa kuwa antena zinazisikia, kwa hiyo nijibu kwa karatasi, Ruperto akishuka.

Mkeo,
Nolvia

---

Kwenye antena, 9 Mei

Mama Mayra,

Salamu nyingi kwako na kwa huyo mwenye meno. Mimi mzima kama chuma. Chupa nimempa mhandisi Florencia kweli. Yake imeganda koki, na yeye ni mtu wa pwani, akipanda ngazi mbili midomo inakuwa ya bluu. Puna, ugonjwa huu wa hewa nyepesi, inakamata wageni. Sisi watoto wa Socaire, tuliozaliwa milimani, hatubebi chupa, labda ya divai.

Sasa sikia. Florencia kanionyesha picha waliyoinasa kwa antena hizi ninazozifunga nati: jua changa, na kulizunguka sahani ya vumbi yenye mifereji, kama santuri. "Kwenye kila mfereji," kasema, "kuna sayari inajilisha." Vumbi hushikana na vumbi, likawa kokoto, kokoto zikawa jabali, mpaka dunia nzima. Nikamwambia, "Kama Mayra tumboni." Akacheka.

Kisha akanieleza nyingine, ya zamani zaidi. Hiyo ilizaliwa mbali, kwenye baridi, imejifunika hewa nene kama blanketi tatu. Ikawa inasogea karibu na jua lake, polepole, na jua likawa linaivua hewa hiyo kidogo kidogo. Sasa limebaki jiwe tupu. Nikauliza, "Yenyewe haikuhisi?" Akasema, "Eliseo, ni sayari." Lakini nimelifikiria hilo wiki nzima.

Yule mbuzi mweupe amezaa? Spana imeniponyoka mara tatu leo, glavu hizi mbaya. Mbuzi mweupe je, amezaa?

Mumeo,
Eliseo

---

Toconao, 13 Mei

Baba Mayra,

Salamu. Wazima, jino moja limetoka. Ile ya vumbi nimemsimulia mtoto, akaacha kulia, asante. Ile ya jiwe sikumsimulia.

Mbuzi amezaa. Umeniuliza mara mbili, ukurasa mmoja. Na mistari yako inateremka kama maji kwenye bonde, wewe mwenye mwandiko wa karani. Spana haiponyoki kwa ajili ya glavu.

Puna ndiyo nchi yetu ya juu, na puna ndiyo ugonjwa wake. Wazee hawakuona haja ya maneno mawili. Mjomba Casimiro naye alizaliwa Socaire. Kwenye machimbo ya salfa alisema haya haya unayosema. Kichwa kikamuuma siku nyingi, siku moja kikaacha, na wakamshusha juu ya nyumbu wa mizigo akicheka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisikia kicheko kabla sijamwona. Alhamisi tukamzika.

Kwa hiyo panda lori la Ruperto, safari hii hii. Florencia naye apande. Sayari zimengoja mamilioni ya miaka, zitangoja wiki. Na kichwa kikiacha kuuma ghafla, hapo ndipo uogope.

Mkeo,
Nolvia

---

17 Mei

Mama mpendwa,

Leo kichwa hakiumi hata kidogo! Mwepesi mimi. Nimevua koti, theluji ina joto. Nacheka peke yangu mpaka Florencia ananitazama. Anataka kunirudishia chupa, nimekataa, mbishi huyo mtoto wa pwani. Ruperto yuko mlangoni anasema panda, panda. Mwambie atulie.

Ile sayari wanaivua blanketi, mama, na haihisi kitu.

Mbuzi mweupe amezaa? Niwekee supu ya mahindi, kengele ya shule ikilia nakuja.

Mwanao,
Eliseo

---

Ndani ya lori la maji, 18 Mei

Baba Mayra,

Sina salamu ndefu. Mtoto nimemwacha kwa mama yangu.

Mzee Ruperto kasema, "Nilimwambia apande, akanicheka. Mhandisi naye akakataa kumwacha peke yake." Nikamuuliza, "Alicheka vipi?" Akawasha lori.

Barua hii haitumwi. Nitakupa mkononi, kwa sababu huenda ukanitazama usinijue. Basi soma. Mimi si mama yako. Mama yako tulimzika Socaire, wewe mwenyewe ulishika jeneza mbele. Mimi ni mkeo. Mtoto wako ni Mayra, ana meno mawili sasa. Mbuzi amezaa mapacha.

Nina chupa mpya mbili magotini, moja ya kukuvika wewe, moja ya Florencia. Ya tatu nimeivaa, mimi mtoto wa Socaire. Mzee Ruperto naye kavaa, na hakuna aliyecheka. Kila kona naandika jina la mtoto nione kama mkono bado ni wangu. Mayra. Mayra.

Tangu asubuhi Mzee Ruperto anawaita kwa redio ya dharura, hamjibu. Antena naziona sasa, nyeupe, zote zimegeukia upande mmoja. Mlango wa kibanda uko wazi, theluji inaingia. Koti lako liko chini, nje.

Usinijibu kwa karatasi. Niite tu jina langu.

Mkeo,
Nolvia