Maandishi Mekundu Ukutani

Alhamisi, 3 Septemba

Kimbunga kinatujia, keshokutwa kitakuwa hapa. Wametangaza tena: Louisiana kusini yote, ondokeni! Mume wangu Alcide hataki. Mwaka juzi tulikimbia. Tuliporudi wezi walikuwa wamebeba injini ya boti, friza zima la kamba wa baharini na bunduki zote za mzee wangu. "Safari hii nitafia kitandani kwangu," anasema. Mume mwenye mapafu mabovu vile, bila mashine ya oksijeni hafiki asubuhi. Nimwache na nani? Nabaki. Lakini moyo umekataa.

Nduguye Curley katuletea jenereta yake, mashine isizime umeme ukikatika. Anasema ikinguruma wezi watafuata sauti, kwa hiyo tununue bunduki.

Ijumaa, 4 Septemba

Duka la bunduki limejaa kama harusini! Muuzaji kanipangia tatu mezani. Bastola: nyepesi, lakini vidole vyangu hivi vya baridi yabisi havina nguvu ya kuifyatua. Ile ndefu ya kijeshi: risasi yake inatoboa ukuta na kumfuata jirani chumbani kwake. Nikachukua ya marisau, fupi, ya kuwindia bata. Muuzaji akaikoki — krak-krak! "Mama, sauti hiyo tu mwizi anajikojolea." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Kufika kituo cha mafuta — petroli imekwisha! Foleni ya bunduki ndiyo iliyotukawiza. Tuna madumu mawili tu.

Jioni Curley kapanda ngazi, kaandika juu ukutani kwa rangi nyekundu ya boti: UKIIBA TUNAUA. Herufi ndefu kuliko mimi. Mtaa mzima wameandika hivyo. Alcide akamchokoza, mbona A imelala kama imelewa? "Mwizi hasahihishi mtihani, kaka," akajibu. Wakacheka mpaka mzee akapaliwa. Kisha Curley akaenda zake Texas kwa binti yake.

Jumapili, 6 Septemba

Kimepita. Paa lipo. Maji yamefika ukingoni mwa baraza. Hakuna mwizi. Hakuna mtu yeyote. Jenereta inakunywa petroli kama mlevi.

Jumatatu, 7 Septemba

Boti! Watu wa kaskazini wamekuja na boti zao wenyewe kuokoa watu, kama tunavyofanyiana siku zote. Nikapunga shuka. Wakapunguza mwendo, wakatazama nyumba, wakageuza. Ya pili vilevile. Nikajisemea labda wanawahi wagonjwa zaidi.

Mchana jenereta ikazima. Umebaki mtungi mmoja wa oksijeni. Alcide akaninong'oneza, "Vernie, piga tatu." Huku kwetu vinamasini kila mwindaji anajua: risasi tatu mfululizo ni mtu anaomba msaada. Boti nyingine ilipotokea nikapiga tatu hewani. Wakalala chini wote! Mmoja akapiga kelele, "Si wamesema wenyewe wanaua! Geuza, geuza!" Wakatokomea.

Ndipo nikaelewa. Ole wangu! Sikumwambia Alcide.

Nimesugua kwa fagio na sabuni mpaka mabega yamekufa. Nafikia miguu ya herufi tu. Na rangi ya boti — imetengenezwa isitoke kwa maji! Ngazi imekwenda na mafuriko. Shuka za kuzifunika hazifiki kule juu.

Jumanne, 8 Septemba

Mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu, hewa inakwisha. Alcide kaacha kuongea, ananitazama tu. Midomo imegeuka rangi. Nimemshika mkono, nimemwambia wanakuja. Nimemdanganya.

Bunduki nimeitupa majini. Tulimwogopa mwizi, na mwizi hakuja. Laiti angekuja! Mwizi ana boti.

Injini — naisikia. Bado mbali. Nimekaa barazani, naandika huku naangalia kona ya maji. Wakitokea kwenye kona nitasimama mikono juu, kana kwamba mwizi ni mimi.

Hao hapo. Watatu, mmoja mwanamke. Wanapunguza mwendo.

Wanasoma.