Bahati Hatapanda Kamyo

Bukavu, Kadutu

Mama yangu mupendwa,

Mapendo, mudogo wangu, wewe unayemusomea Mama barua hii, soma polepole na usiruke pahali. Ukiruka, nitajua.

Mama, ninakusalimia wewe na Papa. Goti lako linasemaje tangu mvua ilianza? Na ile mbuzi yenye kiburi, imezaa? Huku tuko wazima. Papa Bahati anakohoa kidogo, ni baridi ya kazi ya usiku ku kiwanda cha pombe, lakini anakula, na mutu anayekula hanitishi. Mimi niko na uchovu tu, ule wa kusinzia na kijiko mu mukono.

Tonton Wilondja, ndugu yako, alifika Jumamosi na kamyo yake, matope mpaka ku milango. Akasema, "Mama yako amenituma nichukue mutoto. Funga vitu vyake, Jumatano tunarudi Mwenga." Najua, Mama. Kwetu mutoto akiisha kuachishwa ziwa anaenda kukaa kwa tate yake, mama wa mama yake, na Bahati ni muzaliwa wangu wa kwanza, umemungojea. Lakini sikiliza kwanza yaliyotufikia.

Yule binti aliyekuwa ananishikia Bahati amerudi kwao Nyangezi, ameolewa. Papa Bahati analala muchana. Basi nikamufunga mutoto ku mugongo na kuingia naye mu darasa ninalofundisha, la gardienne, la watoto wadogo. Mama Directrice, mukubwa wa masomo yetu, akamuona siku ile ile. Ni mwanamuke munene, na funguo zinalia ku kiuno chake mbele yeye mwenyewe hajafika.

"Citoyenne Wabiwa, hapa ni masomo, haiko maternité ya kuzalia."

Nikamuomba. Akamuangalia mutoto, akasema, "Muda anabebwa, sawa. Siku atatembea, anatoka. Akianza kuzunguka hapa, hakuna mutoto atakayekusikiliza tena."

Na wewe unajua Bahati alichelewa kutembea. Wenzake walikuwa wanakimbiza bata, yeye amekaa tu kama muzee wa baraza. Atajifunza wapi? Kadutu yote ni mulima. Ukimusimamisha mu kiwanja chetu, anabingirika mpaka kwa jirani. Pahali pa sawa ni ile sakafu ya sima ya darasa tu. Nikawa na roho mbili, Mama: nataka atembee, na ninaogopa atembee.

Basi tukafika ku somo la vitu vyenye uhai. Nikawauliza watoto tunajuaje kama kitu kiko hai.

"Kinatembea!" Ni Furaha, yule asiyefunga kinywa hata akikula.

"Na gari je?"

"Iko hai! Inatembea, inakunywa mafuta, inalia."

"Haizai," Mugisho akasema. Papa yake anatengeneza magari. "Kwetu magari mbili zinalala pamoja tangu Noeli. Hakuna katoto."

Furaha akaona ameshindwa, akamuonyesha Bahati kwa kidole. "Na huyu? Hatembei. Iko hai?"

"Asubuhi alikojoa ku kiatu changu," Mugisho akamujibu. "Iko hai sana."

Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikasema, haya, tuone mwili unatembea namna gani. Simameni wote. Inamisheni kifua mbele, polepole, na miguu isisogee. Mama, wakaanguka kama maharagi yaliyomwangika! Lakini Furaha muguu wake uliruka wenyewe mbele, ukamushika. "Umeona?" nikamwambia. "Kutembea ni kuanguka, halafu unajikamata." Toka siku ile, kila asubuhi tukiisha kuimba na kucheza mbele ya bendera, wanaingia mu darasa wakianguka na kujikamata, na Bahati pale chini anawaangalia tu.

Siku moja akashika shati ya Mugisho, akasimama. Darasa lote likapiga kelele ya furaha. Halafu Furaha akakumbuka neno la Directrice. "Kaa! Bahati, kaa! Watakufukuza!" Wakamuvuta mabega, wakamukalisha. Akalia. Akasimama tena, wakamukalisha tena.

Hapo nikakasirika. Nikawaambia, "Muachilieni. Hapa hakuna mutu atakayemuzuia mutoto kusimama, hata kwa sababu ya kumupenda." Niliisema kwao, lakini mimi pia nilikuwa ninahitaji kuisikia.

Funguo zikalia ku mulango. Bahati anapenda vyuma vinavyolia kuliko bugali. Akaachilia shati, akaenda, mikono juu, tumbo mbele, mpaka akashika kikwembe alichojifunga Directrice.

"Citoyenne. Mutoto anatembea."

Nikanyosha mikono nimubebe. Furaha akanitangulia. "Hapana, Mama Directrice! Iko anaanguka tu. Anaanguka, anajikamata."

"Nini?"

"Na wewe ni vile vile," Mugisho akasema. "Inamisha kifua, utasikia."

Mimi nikatamani sima ipasuke nipite. Lakini yule mama akashika mulango kwa mukono moja, akajiinamisha kidogo, na muguu wake ukaruka mbele, pa! Funguo zote zikacheza. Akaangalia kiatu chake kama cha mutu mwingine, akacheka mpaka machozi. Kisha akajirudisha uso wa kazi. "Basi," akasema, "aendelee kuanguka mpaka masomo yafungwe kwa vakansi kubwa. Siku atavuruga somo, mutatoka wawili."

Sasa jibu langu, Mama. Bahati hatapanda kamyo. Usimukaripie tonton, hatia haiko yake, nami sikukudharau. Wewe ulituona wote tukisimama mara ya kwanza. Niachie nimuone huyu mumoja. Ku vakansi nitamuleta mwenyewe, naye atatoka ku barabara mpaka ku mulango wako na miguu yake. Utakaa naye vakansi yote, umunenepeshe unavyotaka. Kisha tutarudi naye.

Ninakutumia samaki kavu za sambaza na sabuni. Mwambie mama mudogo, anayekutwangia majani ya sombe, achukue sehemu yake. Musalimie Papa, asitembee mu mvua bila kofia. Mapendo, asante kwa sauti yako.

Hapa chini nimezungusha kalamu ya bic ku muguu wa Bahati. Usishangae kisigino kimepinda na kidole kikubwa kimekuwa viwili. Nilimwambia atulie, akaenda na karatasi.

Ni mimi mutoto wako,
Wabiwa, Mama Bahati